Walisema Chembe Kimeanguka, Kumbe Tumbo Limepanda

CACIMBA RASA, Pernambuco

Saa moja asubuhi tanuri la unga la Cacimba Rasa limekwisha kupata moto. Bi Gercina Bezerra anaegemeza reki yake ya mbao ukutani, anaokota kuni mbili, halafu anapiga magoti mbele ya mdomo wa moto kama mtu aliye kanisani. Anazisukuma ndani. Anangoja zishike. Kisha anainuka polepole, mkono mmoja kwenye ukingo wa tanuri, mgongo umenyooka kama wa mtu aliyebeba mtungi kichwani.

"Anasali tena huyo," anasema Ozita kutoka kwenye duara la wamenyaji. "Mtakatifu gani huyo anayekaa majivuni, shoga?"

"Yule anayewafunga mdomo wenye maneno mengi," Bi Gercina anamjibu bila kugeuka.

Wamenyaji saba wanacheka, lakini visu havisimami. Maganda ya muhogo yanaendelea kudondoka kati ya miguu yao.

Kwa miaka thelathini na moja Bi Gercina aliinama tu kama mkaangaji yeyote, kiuno juu, kichwa chini. Sasa hainami, na si kwa sababu ya uzee. Ana miaka hamsini na minane, na bado anabeba ndoo ya maji kutoka bondeni. Hainami kwa sababu mwaka huu, baada ya miaka minane ya kuambiwa hiki na kile, amepata jina la kinachomsumbua. Anaitwa mgonjwa wa ngiri ya kiwambo.

Jina hilo lilikuwa limefichama mahali pa wazi muda wote. Aliyelitoa si aliyekuwa akilipwa kulitafuta.

Brazili nzima hula unga wa muhogo, na kila mtu hudhani unga ni unga. Wa Cacimba Rasa watakwambia unga ni mkaangaji. Moto ukizidi dakika mbili, unga huwa mchungu. Ukipungua, huota ukungu kabla gunia halijafika sokoni. Bi Gercina hana saa wala kipimo. Anasikiliza.

"Unga mbichi hunyamaza," anasema. "Ukikaribia kuiva huanza kunong'ona. Ukingoja useme kwa sauti, umeshaungua huo, wapelekee kuku."

Mkaangaji hulipwa reali themanini kwa siku. Mmenyaji hulipwa kwa tenga, na mwenye mkono mwepesi hupata thelathini na tano. Ila watu hapa hawahesabu fedha tu. Kwenye nyumba ya unga wamenyaji hukaa chini, mkaangaji husimama, na wageni wakija husalimia tanurini kwanza. Nafasi hiyo ndiyo Bi Gercina aliyonyang'anywa kwa misimu mitatu.

Mambo yalianza na mdomo wa moto wenyewe. Tanuri hili lilijengwa zamani, na waliolijenga waliweka mdomo chini, usawa wa goti. Kila robo saa mkaangaji huinama kuchochea. Miaka minane iliyopita Bi Gercina aligundua kwamba kila akiinama, kitu cha moto hupanda kutoka chini ya mfupa wa kifua hadi kooni. Akinyooka, kinashuka. Akiinama tena, kinapanda, na mara nyingine maji machungu hujaa mdomoni akayatema majivuni.

Wenziwe walimwambia ni joto la tanuri limemwingia. Halikuwa jambo la ajabu, kwani wakaangaji wote huingiwa na joto. Akashauriwa maziwa, akanywa. Akashauriwa chai ya majani machungu, akanywa. Akashauriwa atafune kipande cha sukari guru kabla ya kazi, na hicho ndicho anachokumbuka kwa furaha kwa kuwa angalau kilikuwa kitamu.

Haikusaidia. Alianza kushiba upesi. Sahani ya maharage na nyama iliyokaushwa juani aliyokuwa akiimaliza na kuongeza, sasa aliiacha nusu. Alicheua hata mbele za watu. "Nilikuwa nacheua kama ng'ombe wa Bwana Abdoral," anasema, na Bwana Abdoral, mwenyekiti wa chama cha ushirika, ambaye yupo mlangoni akihesabu magunia, anajifanya hajasikia.

Mahali penyewe palipouma wanapaita chembe cha moyo, pale mbavu zinapokutana juu ya tumbo. Watu wa hapa wanaamini kwamba chembe kinaweza kuanguka mtu akinyanyua kizito au akifanya kazi ya kuvuta. Dalili zake kila mtu anazijua, maumivu pale pale, chakula hakikai, mwili hauna nguvu. Na dawa yake haiko zahanati. Iko kwa Bi Nenzinha.

Bi Nenzinha ana miaka themanini na mmoja, ni mwombezi, na hupima kwa uzi. Huchukua uzi wa pamba na kuunyoosha kutoka kiwiko cha mgonjwa hadi ncha ya kidole kidogo, kisha akautandaza kutoka bega hadi bega. Uzi ukitosha sawasawa, chembe kiko mahali pake. Ukipungua au ukizidi, kimeanguka, naye hukiinua kwa sala tatu, Ijumaa tatu, na tawi bichi mkononi.

Mara ya kwanza uzi wa Bi Gercina ulipungua vidole viwili. Basi aliombewa Ijumaa tatu, akafungwa kitambaa kifuani, akaambiwa asibebe kitu siku tisa. Siku tisa hakwenda tanurini, hakuinama, na maumivu yalipungua. Kila mtu alisema chembe kimerudi. Siku ya kumi aliinama kuchochea moto, nacho kikaanguka tena, au hivyo ndivyo walivyosema.

Ni rahisi kumcheka Bi Nenzinha. Lakini yeye yupo. Mlango wake uko wazi kila siku, na kwa miaka hiyo yote hakuhamishwa. Zahanati ya Cacimba Rasa ilipata madaktari watano katika miaka minne. Wa kwanza alikaa miezi saba na wa tatu wiki sita. Kila aliyekuja aliikuta kadi ya Bi Gercina, akasoma alichoandika mwenzake, akaandika vile vile. Mmoja aliandika gastritisi, uvimbe wa ndani ya tumbo. Mwingine aliandika mishipa ya fahamu, maana ndivyo wanavyoandika mwanamke akizidi miaka hamsini na kurudi mara mbili kwa jambo lile lile. Wa nne aliona macho yake meupe, akampa vidonge vya kuongeza damu, na akahama kabla hajauliza damu ilikuwa ikienda wapi.

Kadi kama hiyo ipo karibu kila nyumba ya hapa. Nyingine wenyewe hawapo tena.

Kosa lililomwondoa tanurini halikufanywa na daktari hata hivyo. Lilifanywa na karani dirishani. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya foleni ndefu, karani alimuuliza anaumwa nini. Akasema, "Chembe cha moyo." Karani, ambaye ni mtu wa mjini na aliletwa na ndugu yake wa ofisi ya wilaya, aliandika neno moja tu kati ya hayo. Aliandika "Moyo."

Daktari wa tano alisoma "Moyo." Alimsikiliza kifua kwa muda ambao Bi Gercina anasema haukutosha kusema Salamu Maria hadi mwisho. Akamwandikia kidonge cha mishipa ya moyo na akaagiza kipimo cha moyo mjini. Kidonge kilipatikana siku ile ile. Kipimo hakikupatikana, kwa sababu mashine ilikuwa mbovu, halafu ikatengenezwa lakini karatasi zake zikaisha.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu Bi Gercina alikuwa mgonjwa wa moyo bila moyo wake kupimwa hata mara moja.

Habari ilimfikia Bwana Abdoral kabla Bi Gercina hajafika nyumbani na kidonge. Mwenyekiti alimwita pembeni. Anakumbuka vizuri alivyosema, na leo anarudia bila kuona haya.

"Nilimwambia, dada Gercina, ukianguka kwenye lile tanuri, watasema chama kimekuua. Mimi ndiye nitakayeitwa wilayani, si wewe."

"Mimi ningekuwa nimekufa," Bi Gercina anaongezea. "Ningeitwaje wilayani?"

Reki ikapewa mpwa wa mwenyekiti, kijana mwenye nguvu ambaye, kwa ushahidi wa wamenyaji wote, hasikii unga unaponong'ona. Msimu ule magunia kumi na moja yalirudishwa kutoka sokoni. Hakuna aliyeitwa wilayani kwa ajili ya hayo.

Bi Gercina akaketi kwenye duara na kisu. Ozita alimsogezea kigoda na kumwambia, karibu duniani, huku chini kuna upepo. Anasema alicheka, kisha akageuza uso upande wa ukuta.

Binti yake, Jucélia, anafanya kazi ya kushona kiwandani São Paulo. Alipoambiwa mama anaumwa moyo, alishtuka. Mgonjwa wa moyo, akasema kwenye simu, halali kwenye bembea. Akakata mshahara wake miezi kumi, akanunua kitanda cha kweli na godoro lake, kikaja kwa lori hadi kona ya barabara, na wanaume wanne wakakibeba hadi nyumbani.

Bi Gercina alikuwa akilala kwenye bembea, kitambaa kinachotundikwa kwa ncha mbili, tangu azaliwe, kama watu wengi hapa. Bembea humkunja mtu kidogo, kichwa na kifua vikawa juu, tumbo chini. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hiyo ilikuwa dawa. Alipolala bapa kwenye godoro jipya, mambo yalichacha. Aliamka akikohoa, maji machungu puani, shingo inawaka. Sauti yake ikawa ya kukwaruza. Pamoja na kile kidonge cha moyo, ambacho daktari mwingine alikuja kumwambia baadaye kwamba hulegeza pia mlango wa juu wa tumbo, ikawa hapati raha amesimama wala amelala.

Majirani walikuja kukiona kitanda. Wakasema kimeingiwa na jicho la husuda. Akaambiwa akigeuze kichwa kielekee mashariki, akakigeuza. Akaambiwa aweke chumvi chini, akaweka. Mwishowe akatundika bembea yake ya zamani juu ya kitanda kipya, akalala humo, na usiku ule ule akapumzika. Hapo majirani wote wakajua kwa hakika kwamba ni jicho.

Alirudi kwa Bi Nenzinha kutaka sala ya kuondoa jicho. Bibi huyo hakuanza na sala. Alichukua uzi kwanza, kiwiko hadi kidole, bega hadi bega. Akarudia. Akarudia mara ya tatu kwa uzi mwingine.

"Uzi umelingana, mwanangu," alimwambia. "Ile mara ya kwanza bega lako lilikuwa limeshuka kwa sababu ya reki. Sasa huna reki, bega limepanda, na wewe bado unaumwa. Hii si yangu."

Bi Gercina anasema katika miaka minane hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba hajui. Bi Nenzinha alimpa na maagizo. Asiseme chembe kule mjini, watamcheka na kuandika wanachotaka. Aseme tu kile mwili unachofanya. Ukiinama kinakuwaje. Ukilala kinakuwaje. Ukipanda kilima kinakuwaje.

Daktari wa sita wa zahanati alikuwa mwanamke kijana aliyekaa miezi minne. Lakini katika miezi hiyo minne alisikiliza, na kabla hajaondoka alisaini karatasi ya eksirei ya kumeza, ile ya kunywa bariamu. Karatasi ilikwenda wilayani. Bi Gercina alingoja miezi kumi na moja.

Februari mwaka huu aliitwa kwenye hospitali ya mjini. Jengo lilikuwa limetoka kupakwa rangi mpya, ambayo kwa bahati ilikuwa ndiyo rangi ya kampeni ya waliotoa zabuni. Ndani, meza ya eksirei haikuwa imebahatika hivyo. Meza hiyo imetengenezwa iweze kuinamisha mgonjwa, kichwa chini, miguu juu. Injini ya kuiinamisha ilikufa miezi kumi na tisa kabla. Fundi wa picha, Adeilton Siqueira, aliandika barua tatu. Majibu ya barua ya tatu anayo kwenye mkoba wake hadi leo. Yanamtaka aandike upya, kwa kuwa barua yake ilikuwa kwenye karatasi yenye nembo ya utawala uliopita.

Adeilton ana miaka hamsini na ana ishirini na minne kwenye kazi hiyo. Si daktari. Kazi yake ni kumweka mgonjwa sawa, kubonyeza, na kumwambia ashushe pumzi. Daktari wa picha, Dk. Ruama Vilar, huja Alhamisi tu, na Alhamisi ile kulikuwa na watu kumi na wanne nje.

Bi Gercina alisimama mbele ya mashine, akanywa kikombe cha yale maji meupe mazito, ambayo anasema yana ladha ya ukuta. Yalishuka vizuri. Koo lilikuwa zuri, tumbo lilikuwa mahali pake. Dk. Ruama aliangalia, akasema hakuna kitu, akaanza kuvua glavu.

Bi Gercina hakulia wala hakubisha. Aliuliza tu kama angeandikiwa kwamba hakuna kitu na moyoni pia, ili ampelekee mwenyekiti.

Adeilton alikuwa anamsaidia kuvaa shati. Akaona mkono wake wa kulia. Hauna vinyweleo, kutoka kifundo hadi kiwiko, ngozi imekauka na kung'aa. Mama yake Adeilton alikuwa na mkono kama huo.

"Mama, wewe ni mkaangaji?" alimuuliza.

"Nilikuwa, baba. Wameniondoa. Wanasema moyo."

"Huo moyo ukipanda kilima cha kwenu unasemaje?"

"Hausemi kitu. Napanda na ndoo ya maji."

"Na ukiinama kuchochea?"

Hapo, anasema, alikumbuka maagizo ya Bi Nenzinha na akayasema yote kwa mpango. Akiinama kinapanda. Akinyooka kinashuka. Akishiba ni zaidi. Akipanda kilima, hakuna.

"Unalala bembea au kitanda?"

Alipomweleza habari ya kitanda na jicho, Adeilton aliacha kufunga vifungo vya shati. Akamgeukia daktari na kumwomba kikombe kimoja zaidi cha bariamu. Dk. Ruama alimwonyesha meza kwa kidevu. Picha ya kusimama, alisema, haikuonyesha kitu, na ya kuinamisha haiwezekani, meza haiinami, yeye Adeilton anajua hilo kuliko mtu yeyote.

"Meza haiinami," Adeilton alisema. "Yeye anainama."

Dk. Ruama anakiri kwamba alitazama saa. Halafu akavaa glavu tena.

Wakamrudishia Bi Gercina gauni la hospitali, wakamsimamisha ubavu-ubavu mbele ya mashine. Akanywa kikombe cha pili chote. Adeilton akaleta fagio la mfagiaji, akampa fimbo yake mkononi.

"Haya mama, hilo ndilo tanuri. Chochea moto."

Bi Gercina anasema aliona aibu. Amevaa gauni la hospitali lililo wazi nyuma, amekamata fagio, mbele ya daktari. Lakini mikono inajua kazi yake. Kiuno kikapanda, kichwa kikashuka, fimbo ikaingia kwenye mdomo wa moto ambao haukuwepo.

Kwenye kioo cha mashine, kile kivuli cheupe kilichokuwa kimetulia tumboni kilisogea. Kikapanda kama unga wa mkate unaoumuka, kikapenya mahali pembamba, kikajaa juu yake, ndani ya kifua, mfuko wa ukubwa wa ngumi. Kisha sehemu ya maji yale ikaruka hadi kooni.

"Hapo hapo, mama, usinyooke," Dk. Ruama alisema. "Adeilton, piga."

Akapiga. Wakamlaza bapa pia mezani, shuka nne zilizokunjwa zikawekwa chini ya makalio, na mfuko ukapanda tena. Akasimama, ukashuka. Walirudia mara mbili. Mara zote ulipanda na kushuka, kama alivyokuwa akisema kwa miaka minane.

Kiwambo ni msuli bapa unaotenganisha kifua na tumbo. Kina tundu ambalo umio hupitia ukipeleka chakula. Tundu hilo likilegea, kichwa cha mfuko wa tumbo hupenya na kupanda kifuani, na asidi hupanda pamoja nacho. Mtu akisimama, mfuko hushuka, ndiyo maana picha ya kusimama huweza kutoona kitu. Dk. Ruama anasema watu wengi wanayo ngiri hiyo na haiwasumbui kamwe, na kwamba si kila kiungulia ni ngiri. Anasema pia maumivu ya kifua ni lazima yaanzie kwenye kipimo cha moyo, si kwenye kubahatisha. Siku hiyo hiyo alimpeleka mwenyewe chumba cha pili, akasimama pale hadi mashine ikafanya kazi. Moyo ulikuwa mzima.

Mwezi uliofuata akapimwa kwa mpira wenye kamera. Kamera iliona ngiri ile ile, na pembezoni mwa tundu ikaona michubuko, pale tumbo linapojisugua kila linapopanda na kushuka. Hapo ndipo damu ilipokuwa ikivuja kidogo kidogo, miaka yote ya macho meupe na vidonge vya damu.

Bi Gercina alirudi Cacimba Rasa na karatasi. Aliisoma kwa sauti kwenye duara la wamenyaji.

"Ngiri?" Ozita alisema. "Shoga, hiyo si ya wanaume? Umeipata wapi, na umemwachia nani?"

Walicheka hadi mmoja akajikata kidole. Wakaimba jina hilo siku nzima. Bi Nenzinha alipopelekewa habari hakucheka. Aliuliza kimeenda wapi basi, kama hakikuanguka. Akaambiwa kimepanda.

"Miaka minane tunakiinua," akasema, "na chenyewe kilikuwa juu."

Mwenyekiti alichukua siku tano kusoma karatasi ya nusu ukurasa. Siku ya sita Bi Gercina aliingia nyumba ya unga kabla ya watu wote, akachukua reki, akawasha moto. Mpwa wa mwenyekiti alipofika alimkuta amesimama pale, akasalimia tanurini kama mgeni, akaenda kukaa kwenye mashine ya kukwangua muhogo. Wanasema alionekana kushukuru.

Sasa Bi Gercina anakunywa dawa ya kupunguza asidi asubuhi kabla ya kula. Usiku hali kitu. Anakula kidogo, mara nyingi. Kidonge cha moyo kimeondolewa. Kwa sababu ya ile damu, ameandikwa kwenye orodha ya upasuaji katika mji mkuu wa jimbo. Alipouliza yeye ni wa ngapi, aliambiwa orodha haina namba, ina subira. Anayeitunza orodha hiyo hajulikani, na inawezekana hajawahi kungoja kitu.

Mpango wake mwenyewe hauna orodha. Aliupeleka kwenye mkutano wa chama mwezi wa nne: tanuri libomolewe mdomo na kuinuliwa safu nne za matofali, moto uwe usawa wa kiuno, ili mkaangaji asiiname, yeye wala atakayemfuata. Alipima kwa uzi, kutoka chini hadi kitovuni, na uzi huo akauweka mezani mbele ya mwenyekiti. Bwana Abdoral alisema tanuri limekuwa hivyo tangu enzi za babu. Ozita akasema hata babu alikuwa anacheua. Ikapita kwa kura kumi na nane dhidi ya mbili.

Matofali yalifika wiki tatu zilizopita, mia moja na ishirini kamili. Yamepangwa nje ya mlango chini ya turubai. Leo, saa nne, fundi Cosmo amekuja kuyapanga kwa safu kabla hajaanza kazi Jumatatu. Anapanga mara moja, anapangua, anapanga tena. Anaingia ndani akifuta mikono.

Matofali mawili hayapo.

Bwana Abdoral anawatazama wamenyaji mmoja mmoja. Visu vinapunguza mwendo. Bi Gercina anaendelea kuvuta reki, anasukuma, anavuta, macho kwenye unga.

"Yapo kwangu," anasema. "Chini ya kitanda cha Jucélia, miguu ya upande wa kichwani. Daktari alisema kichwa kiwe juu."

Mwenyekiti anasema kwamba hayo ni mali ya chama. Anasema kuna utaratibu. Anasema itabidi yarudishwe.

"Basi andika barua, mwenyekiti," Bi Gercina anamwambia, na anainua mkono anyamaze, kwa sababu unga umeanza kunong'ona.